Pangani, Mwezi Kumi na Tano

Ijumaa, alasiri. Tongoni

Tairi la nyuma la gari letu la Pangani limepasuka hapa Tongoni, kilomita 17 hivi kusini ya Tanga. Tairi la akiba lipo, jeki haipo. Jeki iko kwenye gari jingine la mwenye gari hili, nalo ndiyo kwanza linatoka Pangani kuja huku. Kondakta ametuomba tuvute subira. Mwenye duka la kando ya barabara amemletea shangazi yangu kiti na chupa ya maji. Kiti amekipokea, maji ameyarudisha kwa shukrani. Amefunga. Leo ni mwezi kumi na tano, ya mwisho katika zile siku nyeupe anazofunga kila mwezi.

Mpwa wangu amefungua daftari lake. Safari hii kaipanga yeye, na kila saa ina kazi yake. Leo saa kumi jioni, kuogelea. Kesho asubuhi, Boma na nyumba za zamani. Saa nane mchana, kisiwa cha Maziwe. Jumapili saa tatu asubuhi, kupanda Mto Pangani kwa boti. Saa tisa tuwe ndani ya gari la kurudi Tanga. "Kuogelea hakuwezekani tena, mjomba," amesema, akaukata mstari ule kwa kalamu nyekundu.

Jeki iliyochelewa imetupa magofu, ambayo hayakuwa daftarini. Ni mwendo mfupi kutoka barabarani. Msikiti umebaki kuta, na pembeni yake yapo makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo nyingi zimelala chini. Katika karne ya 15 huu ulikuwa mji wa biashara. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya pwani hii, ikakaa hapo mpaka maji yalipojaa yakainyanyua. Januari 1499, wakirudi kwao, Wareno waliichoma moto wenyewe karibu na hapa, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu.

Shangazi amesimama mbele ya makaburi akayasomea Fatiha. Saa ni tisa na nusu na bahari imesogea mno. Mikoko imezama hadi kwenye matawi. "Bamvua hiyo," amesema. Mpwa hakuandika kitu.

Ijumaa, usiku. Pangani

Jeki ilifika jioni. Adhana ya magharibi imetukuta Kigombe. Shangazi alikuwa na tende kwenye mkoba. Amefuturu garini, na mfuko wa tende ukapita kiti hadi kiti mpaka kwa dereva, ukarudi mtupu.

Pangani tumeingia gizani, kwa kuwa umeme umekatika. Nyumba ya wageni tulikoweka vyumba viwili imepata wageni wa harusi waliotutangulia, na chumba kimoja wamepewa wao. Mwenye nyumba ametueleza hilo kwa upole, taa ya simu mkononi. Shangazi na mpwa wamechukua chumba. Mimi nimetandikiwa godoro ukumbini. Chandarua kimefungwa dirishani upande mmoja na kwenye kabati la sahani upande wa pili. Wageni wa harusi wameomba radhi mmoja mmoja, kila mmoja akipita kwenda msalani.

Mto unaopita mbele ya mji huu umezungusha mitambo kabla ya kufika hapa. Kituo cha Hale, cha megawati 21, kilianza mwaka 1964, na kile kipya cha Pangani, cha megawati 68, mwaka 1995. Umeme wake huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, ndipo urudi pwani kwa njia za kusambazia, na usiku huu njia hizo zina hitilafu. Nimewaza hayo nikiwa nimeelekeza simu kwenye bakuli la samaki ili mpwa aone miiba.

Chakula chenyewe hakikuhitaji umeme. Mama lishe wa karibu na stendi anapikia makaa: changu wa kupaka kwa tui zito, wali wa nazi, chai ya tangawizi kwa ajili ya shangazi. Mpwa amemsomea ratiba ya kesho. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Saa nane mchana Maziwe mtakuta bahari tupu, mwanangu. Kisiwa kitakuwa kinaanza kwenda chini. Nendeni asubuhi. Nahodha mtampata alfajiri, kando ya mto." Akamwongezea shangazi kipande cha samaki, akakataa kukiandika kwenye hesabu.

Mpwa amehamisha Maziwe asubuhi na Boma jioni. Karatasi hiyo sasa ina wino mwekundu mwingi kuliko wa buluu.

Jumamosi, asubuhi. Mdomo wa mto

Nahodha tulimkuta anachota maji ya mvua ya usiku kutoka kwenye boti kwa kopo la rangi. Tuliamkiana, shangazi akaulizwa habari za safari na za watu wa nyumbani, ndipo tukafika kwenye bei. Alisema tuondoke saa moja na nusu, maji yakiwa bado yapo mtoni. Tulikuwa tayari saa moja.

Abiria wengine wa boti hiyo walikuwa familia moja yenye watoto wengi na kasha la barafu. Barafu ilikuwa bado haijapatikana, kwa kuwa umeme ulirudi alfajiri tu. Tumengoja barafu. Imefika saa tatu kasoro robo, imefungwa kwenye gunia, nusu yake maji.

Mdomo wa Mto Pangani una fungu la mchanga, na mawimbi huvunjikia juu yake. Maji yakiwa mengi boti hupita bila mtu kujua kuna nini chini. Leo maji yalikuwa yanatoka kwa kasi ya bamvua, na katikati ya mdomo boti imegusa chini, ikasimama. Nahodha amezima injini na kuinyanyua. Vijana wake wameshuka, nami nimeshuka. Maji yalikuwa ya magoti. Tumesukuma. Shangazi amebaki kwenye ubao wa mbele, kanga mbili kichwani, akihesabu: moja, mbili, haya! Katika kusukuma, ndala ya kulia ya mpwa imetoka mguuni ikaenda na mkondo. Alitaka kuifuata, nahodha akamzuia kwa mkono. Mkondo wa maji ya kutoka hapa mdomoni haufuatwi na mtu kwa sababu ya ndala.

Nimemuuliza nahodha kama hali hii humpata mara nyingi. Amesema humpata kila anapongojea barafu.

Jumamosi, mchana. Maziwe

Kisiwa kimetokea baharini cheupe, kitupu, bila hata jani. Tumefika saa nne na nusu, maji yakikaribia kikomo cha kupwa, mchanga ukiwa umetandaa mrefu na matumbawe yakionekana kandokando. Tumepewa miwani ya kuzamia. Yangu ilikuwa inavuja jicho la kushoto, kwa hiyo nimeangalia matumbawe kwa jicho la kulia, na jicho hilo limeona mengi: samaki wenye milia ya manjano, kolekole wakipita kwa kundi, na chaza aliyejifumba nilipokaribia.

Hapa palikuwa na miti. Mivinje ilisimama kwenye kisiwa hiki na wavuvi walipumzika chini yake. Ilipoanza miaka ya 1980 miti ilikuwa imetoweka, na kilichobaki ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yakijaa. Mahali hapa ni hifadhi ya bahari, na kasa bado wanapanda kutaga. Yai la kasa hukaa mchangani takriban miezi miwili kabla halijaanguliwa, na halivumilii kuzama. Kwa hiyo watu wa huku huyafukua mayai kwa uangalifu, huyavusha hadi ufukwe wa Ushongo, huyafukia tena kwa kina kilekile, na kuyalinda mpaka watoto watoke. Nahodha alituonyesha kwa kiganja jinsi yai linavyobebwa bila kugeuzwa. Niliguswa sana na kazi hiyo. Kasa anarudi mahali alipozoea, mahali penyewe hapawezi tena kumtunzia mayai, na binadamu anamalizia sehemu iliyopungua.

Kivuli hakuna. Shangazi tulimfungulia mwavuli. Saa tano upepo wa kusi ukaanza, ukaugeuza mwavuli ndani nje, mbavu mbili zikavunjika. Tulimfunika kwa tanga dogo la akiba kutoka kwenye boti, likiwa limeshikwa na makasia mawili. Akasema panafaa, akalala.

Pilau ilikuwa kwenye hotipoti na mkeka ulitandikwa juu ya mchanga. Tulipoanza kula, maji yalikuwa mbali. Tulipofika kwenye kachumbari, maji yamefika kwenye pembe ya mkeka. Tukasogea. Watoto wa ile familia wakakimbia kati yetu na upepo ukaingiza mchanga kwenye sahani. Tukasogea tena. Nahodha alikuwa anakula amesimama, sahani mkononi, akiitazama bahari, na alipomaliza alisema, "Tuondoke." Saa ilikuwa saba.

Safari ya kurudi ilikuwa ya mawimbi, kwani kusi ya mchana haina huruma na boti ndogo. Simu ya mpwa imelowa. Mama lishe ameizika kwenye ndoo ya mchele na kumwambia aifuate kesho. Kuanzia sasa hakuna picha. Tulipovuka mdomo wa mto, fungu lililotukwamisha asubuhi halikuonekana tena.

Jumamosi, jioni. Mjini

Mpwa amenunua ndala mpya sokoni. Kwa namba yake zilikuwapo za kiume tu. Amezichukua.

Boma tumeliona kwa nje. Ni ofisi, na leo si siku ya kazi. Milango ya mbao iliyochongwa imefungwa, na kwa kuwa imefungwa imeonekana vizuri zaidi: maua, minyororo, mawimbi, yote kwa patasi ya mkono. Jengo lilikuwa makazi ya tajiri wa Kiarabu kabla Wajerumani hawajalifanya la utawala. Kijana ambaye angetutembeza mjini amekwenda msibani, kijiji cha jirani. Amemtuma mdogo wake kutuomba radhi. Shangazi amempa yule mdogo rambirambi ya kupeleka, na tukaendelea wenyewe.

Hatukwenda mbali. Kwenye baraza moja ya mtaa wa soko palikuwa na wazee wanacheza bao. Shangazi alitoa salamu, wakasogea, akapewa nafasi. Mzee mmoja aliyekuwa ameshindwa mchezo ndiye aliyetusimulia habari za Abushiri.

Mwaka 1888 Sultani wa Unguja, Khalifa bin Said, aliikodisha pwani hii kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti mwaka huo mtu wa kampuni aitwaye Emil von Zelewski alifika Pangani, akataka bendera ya kampuni ipandishwe, na askari wake wakaingia msikitini na viatu na mbwa. Mzee alipofika hapo alinyamaza, na wachezaji wa bao nao wakaacha kucheza. Mji ukakataa. Abushiri bin Salim, mwenye shamba kubwa la miwa karibu na hapa, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani yote. Serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann na jeshi. Abushiri alikamatwa, akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa Agosti 1891 huko Lugalo, na jeshi la Wahehe la Mkwawa. "Basi hesabu ilifungwa na Wahehe," mzee alisema.

Nikauliza palipokuwa na kitanzi. Akanyanyua fimbo kutaka kutuonyesha, na papo hapo mvua ya kusi ikamwagika. Wazee wakaingia ndani na bao lao, nasi tukabanana barazani. Mvua hiyo haikuacha hadi isha. Mwenye nyumba ametuletea kahawa na kashata. Mpwa, asiye na simu, amesikiliza hadithi yote tangu mwanzo na kuuliza maswali ambayo mzee alisema hajaulizwa siku nyingi: nani alikuwa zamu msikitini siku ile, na watu wa mji waliwatoa mbwa kwa njia gani. Natamani vijana wengi zaidi wakae kwenye baraza ile. Mji mdogo kama huu umebeba sehemu nzito ya historia yetu, na waliobaki kuisimulia kwa mdomo wanapungua.

Jumapili, asubuhi. Bweni

Ile saa tatu ya kupanda mto haikufanyika. Nahodha alicheka kwa adabu alipoonyeshwa daftari. Asubuhi hii maji yanatoka hadi baada ya saa tano. Boti ikipanda itapigana na mkondo njia nzima na kugusa mchanga kila kona. Alisema twende saa saba, maji yanayoingia yatupandishe. Mpwa alimuuliza: na gari la saa tisa? Nahodha akajibu kuwa gari la alfajiri Jumatatu lipo. Shangazi akasema, "Tulale." Tukapata na chumba cha pili, kwa kuwa watu wa harusi wameondoka.

Ili kungojea maji tumekwenda kivukoni tuvuke hadi Bweni. Kivuko kilikuwa upande wa pili na hakikuja. Maji yamekupwa, gati la kushukia limekuwa mteremko mkali wenye utelezi, na lori la nazi limeshindwa kuupanda. Tumevuka kwa mtumbwi. Lori lilifungwa kamba ya nailoni kwenye trekta, kamba ikakatika. Ikafungwa tena, ikakatika. Ndipo mzee mmoja alipotoka nyumbani kwake amebeba kamba nene ya katani begani, akaiweka chini bila neno. Vijana wakapunguza nazi kwa mkono, lundo zima, kamba ya katani ikavuta, lori likapanda. Kisha nazi zikarudishwa. Tumesaidia kupakia. Shangazi alichagua nazi akizitikisa sikioni moja moja, na zilizompendeza alizinunua.

Mzee wa kamba alinyoosha kidole kuelekea kusini: Kikogwe iko huko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipando 1,000 vya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Vilivyofika hai vilikuwa 62, navyo vilipandwa Kikogwe. Mashamba ya mkonge ya nchi hii yalitokana na hivyo. Mwaka 1964 Tanganyika ilifikia karibu tani 230,000, kabla kamba za plastiki hazijaporomosha bei na mashamba mengi kufungwa. Mzee alifanya kazi mkongeni ujanani. Alichukua kamba yake, akaikagua urefu wote, akaenda nayo nyumbani.

Juu ya kilima cha Bweni mji mzima unaonekana: mabati, minazi, ukuta wa mawe unaozuia mto usiule mji. Daraja la mita 525 limeanza kujengwa kwa ajili ya barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Tanga. Likikamilika lori halitangojea maji. Nawatakia watu wa hapa wepesi huo kwa moyo wote, hasa wajawazito na wagonjwa wanaovuka usiku.

Jumapili, alasiri. Mtoni

Tumeondoka saa saba na robo. Bahari inaingia mtoni na boti inapanda nayo. Kwanza mikoko, mizizi yake hewani na kaa wekundu juu ya tope. Halafu minazi, shamba baada ya shamba. Mto huu umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita bwawa la Nyumba ya Mungu, umetembea kama kilomita 500 na kunyweshea mashamba ya mikoa kadhaa. Unafika huku umechoka. Kwa kuwa maji matamu yanayoshuka yamepungua, maji ya chumvi yanapanda juu zaidi ya zamani, na nahodha ametuonyesha minazi iliyokufa ikiwa imesimama. Baba yake aliwahi kuteka maji ya kunywa pale. Anayefungua mfereji Moshi au Arusha hamwoni mtu wa huku, na mimi naamini angefunga mapema kama angemwona.

Saa tisa kasoro injini imezima. Nahodha ameivuta kamba mara kadhaa, akafungua kifuniko, akapuliza kitu, akafunga. Haikuwaka. Boti imeendelea kupanda mto vilevile, kwa kuwa maji yanajaa. Tumepita mamba aliyelala kwenye tope, mdomo wazi, na nahodha ametuagiza tuingize mikono ndani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa tena. Kwa pondo ametusogeza kwenye shamba la minazi, tukafunga boti kwenye gogo.

Ikabidi tungoje maji yageuke. Mwenye shamba ameangua madafu. Tulikaa chini ya minazi, na hapo ndipo mpwa alipomwomba nahodha amfundishe.

Nahodha hana jedwali. Anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena mwezi kumi na tano, pwani hii hujaa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hukupwa saa nne. Hiyo ndiyo bamvua, maji huenda mbali na hurudi mbali. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ukifika mwezi nane au ishirini na tatu, saa zimegeuka: hujaa saa nne, hukupwa saa kumi, na maji hayasogei sana, ndiyo maji mafu. Mwenye kutaka Maziwe asubuhi na mchanga mpana aje bamvua. Mwenye kutaka kuogelea asubuhi pasipo kutembea nusu saa juu ya matope aje maji mafu. Mwenye kutaka mto ajue maji yanaanza kuingia saa ngapi, aanze nayo. Shangazi, aliyekuwa akihesabu mwezi kwa ajili ya saumu miaka yote, aliitikia kila kifungu. Mpwa alichora upya ukurasa mzima, safu moja ya tarehe za mwezi, ya pili ya kujaa, ya tatu ya kupwa.

Maji yamegeuka karibu saa kumi na mbili, kama alivyosema. Tumeshuka na mkondo, nahodha akiongoza kwa kasia, na mwezi umechomoza mji ukikaribia. Mama lishe alikuwa ametuwekea wali. Simu imetoka kwenye mchele ikawaka, ila haitoi sauti.

Jumatatu, alfajiri. Stendi

Kiti changu kimeuzwa kwa watu wawili. Mwenzangu ni mwalimu anayewahi kikao Tanga, kwa hiyo amekaa yeye, nami nimepewa ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, juu yake kipande cha godoro. Nazi za shangazi ziko chini ya miguu ya abiria wote.

Naandika haya gari likingoja abiria. Katika mambo yaliyotuharibikia, jeki na umeme havikuwa na dawa mkononi mwetu. Mengi yaliyohusu bahari yangezuilika kwa taarifa moja ambayo kila mvuvi wa mji huu anayo kichwani: leo maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Mgeni anashuka stendi na siku mbili mkononi. Anaona saa yake, haoni ya bahari. Anafika Maziwe kisiwa kikiwa chini ya maji, anarudi kwao akisema Pangani hakuna kitu, na fedha ambayo ingebaki kwa nahodha, kwa mama lishe na kwa mwenye shamba la madafu haitarudi.

Ubao mmoja ungetosha, hapa stendi, na wa pili kivukoni. Chaki, safu mbili, mstari wa leo na wa kesho. Chini yake yaandikwe yanayofaa kwa saa hizo: Maziwe, mto, kuogelea, au kukaa barazani na wazee. Watoto wa shule wanaweza kuuandika kila asubuhi wakiwa njiani darasani, na wangekua wakiijua hesabu ambayo sasa iko kwa manahodha wachache wenye mvi. Mgeni naye angepanga siku yake kama wenyeji wanavyoipanga, na angeuliza bei ya samaki badala ya kuuliza kwa nini hakuna maji.

Nimemwambia mpwa. Ameshuka garini na ndala zake za kiume, amekwenda kwa mama lishe anayewasha makaa, amechana ukurasa wake na kumwachia. Mama ameubandika kwa ugali wa jana kwenye ubao wa bei, kati ya chapati na maharage. Unafika hadi mwezi ishirini na tisa. Baada ya hapo, amesema, atamwita nahodha amwandikie mwingine.

Kondakta amepiga bodi. Tunaondoka.